Njia ya Bombani

Wako watu wakifa wanaacha mashamba, na wako wanaoacha wajane wawili wasiojuana. Mume wa Bi Fundi aliacha maboksi arobaini na moja ya kadi, na kamati.

Maboksi hayakumsumbua. Boksi halina mdomo; ukilisukuma chini ya meza ya kukatia nguo linatulia hapo. Kamati ndiyo iliyokuja na mdomo. Ilikuja pia na tepu ya kupimia, vigingi vya mbao na bunda la uzi mwekundu, ikaingia uani kwake Jumamosi asubuhi, wakati ana sare thelathini za shule mezani na hata moja haijatiwa pindo.

Marehemu alikuwa profesa. Si wa dawa, si wa sheria, maana ingekuwa hivyo mama mkwe angepata la kujivunia. Alikuwa profesa wa mandhari ya kila siku. Yaani mtu amesoma hadi akafika mwisho wa elimu, kisha elimu yote hiyo akaitumia kutazama watu wanaanika wapi nguo zao. Wanamwaga wapi maji ya vyombo. Kwa nini benchi la kinyozi linatazama barabara na si ukuta. Kwa nini ukiwajengea watu njia ya lami yenye kona, wao wanakata kwenye majani. Vitabu vyake vitatu vilisomwa mbali na kuheshimiwa sana. Mtaani walimwita Bwana Uani, kwa sababu hapakuwa na uwanja wa nyuma wa mtu ambao hakuwahi kuuchungulia. Mara mbili alidhaniwa mwizi. Mara moja alidhaniwa mchumba.

Alikuwa na kanuni moja, na wanafunzi wake waliishika kuliko walivyoshika dini: usiulize, tazama. Mtu ukimuuliza anapita wapi, alisema, atakutajia njia kuu, kwa kuwa amekuona umevaa tai. Ardhi haina haya, itakwambia ukweli. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Yeye alisema wahenga hawakufanya utafiti.

Sasa, Bi Fundi naye katika ndoa yake alikuwa na ombi moja tu. Kutoka mlango wa jikoni hadi bombani ni hatua ishirini na tatu, na udongo wa pale ni ule ambao mvua ikigusa tu unageuka sabuni. Aliomba pawekwe zege. Hakuomba marumaru. Aliomba zege, upana wa mtu na ndoo yake, basi. Mume alisema mwakani. Mwakani ilipofika alisema mchanga umeadimika. Mchanga ulipopatikana alisema mafundi wa siku hizi matapeli. Ikapita miaka thelathini na moja, mwanamke anakwenda na ndoo, anarudi na ndoo, na mvua ikinyesha anakwenda kwa vidole kama mwizi katika nyumba yake mwenyewe.

Mwezi mmoja kabla Profesa hajafariki, Bi Fundi aliteleza. Alianguka yeye na ndoo, goti likavimba likawa na ukubwa wa boga. Mume alimnyanyua, akamkalisha, akampa chai, hilo tusimnyime. Lakini alipotulia kitini Bi Fundi alitazama dirishani, na alichokiona hakukisahau: bwana amechuchumaa mvuani, tepu mkononi, anapima alama ya kisigino mahali mkewe alipoanguka. Alipima, akaandika, akafuta miwani, akapima tena. Hata pole hakusema.

Baada ya mwezi akafa, kwa ugonjwa wa siku nne. Watu walimwona Bi Fundi akilia wakadhani ni msiba peke yake. Alimpenda mumewe, hilo halikuwa na ubishi. Ila alikuwa na hasira naye, na mtu akishazikwa hasira huna pa kuipeleka. Kila akienda bombani alijiuliza lilelile: huyu mtu miaka yote alikuwa ananitazama mimi, au alikuwa anatazama udongo nilioukanyaga?

Miezi minane ilipopita aliamua. Alimwita fundi wa zege, wakakubaliana Jumatatu.

Ndipo kamati ikaja Jumamosi.

Mwenyekiti wake alikuwa mwanafunzi wa zamani wa Profesa, sasa ni mkuu wa idara, mtu mwema, mnene kidogo, mwenye kuvua viatu mlangoni hata alipoambiwa asivue. Alikuwa na mtunza nyaraka wa chuo, mwanamke wa makamo aliyezoea kukaa na karatasi kiasi kwamba aliongea na watu kwa sauti ya kutowaamsha. Siku ya kwanza walipiga vigingi. Siku ya pili walifunga uzi mwekundu pande zote mbili za njia ya bombani, hata Bi Fundi akitaka maji ikambidi aruke uzi na goti lake bovu.

“Taratibu, Mama,” Mwenyekiti alisema. “Hapo ndipo penyewe.”

“Penyewe wapi, baba?”

“Njia ya Tafakuri.”

Akamkabidhi kijitabu cha kumbukumbu, kilichopigwa chapa tayari. Bi Fundi alikisoma amesimama, ndoo mkononi. Kilieleza kwamba katika njia hii nyembamba Profesa alitembea kila alfajiri akiwaza, huku na huko, na kwamba nyayo zake zimeichimba ardhi kama kalamu inavyochimba karatasi. Bi Fundi alijua vizuri sana mumewe alikuwa wapi kila alfajiri. Alikuwa anakoroma.

“Nani kawaambia haya?”

“Hakuna aliyetuambia,” Mwenyekiti alisema kwa fahari. “Tumetazama.”

Walikuwa wametazama kweli. Walipima upana wa njia, kina chake na mpindo wake. Kitu kimoja tu hawakukitazama, viatu vya Profesa vilivyokuwa palepale kando ya mlango, vina miaka sita na soli bado mpya.

Ng'ambo ya ukuta aliishi Nesi, mstaafu wa hospitali, shoga yake Bi Fundi tangu watoto wao wakiwa wanatambaa. Nesi alipanda juu ya kreti akachungulia, akasomewa kijitabu chote, kisha akaomba aulize jambo.

“Njia inatoka jikoni, inakwenda bombani, inapita kwenye kamba ya nguo, inarudi jikoni. Huyo bwana alikuwa anatafakari na ndoo ya nani?”

Mwenyekiti alicheka kwa adabu, kama mtu anayeelezwa mambo na mama asiye na shahada. Kisha akatoa karatasi ya kutiwa saini. Uwanja ungehifadhiwa na chuo kama Profesa alivyouacha, kitu kisiongezwe wala kuondolewa. Bi Fundi angeendelea kuishi vyumba vya mbele, kwa uangalifu.

“Na maji?”

“La maji tutalifikiria, Mama.”

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bi Fundi jembe hakuwa nalo, lakini alikuwa na fundi wa zege. Mafundi wa aina hiyo wana tabia yao: ukiwahitaji hawaonekani, ukiwa na wageni wamefika kabla hujapiga mswaki. Jumatatu saa moja huyo hapo, toroli mbele, koleo juu ya toroli, mchanga na kokoto zimeshamwagwa nje. Mwenyekiti akatoka mbio, mguu mmoja una kiatu, akasimama mbele ya toroli amepanua mikono.

“Huwezi kupita. Huu ni urithi.”

“Mzee,” fundi alisema, “mimi nina kazi nyingine saa kumi.”

Bi Fundi alivua pete ya kushonea akaiweka mfukoni, na walioishi naye wanajua maana yake.

“Nisikilizeni nyote wawili. Mume wangu alichora viwanja vya mji mzima. Kadi zipo ndani. Kama ipo kadi ya uwanja huu, na imeandikwa kwa mkono wake kwamba hii njia ni ya tafakuri zake, nitatia saini na fundi atarudisha toroli. Kama haipo, au imesema vingine, zege inamwagwa leo. Fundi, unaweza kusubiri mpaka saa sita?”

“Kama kuna chai,” fundi alisema.

Ilikuwepo. Wakaingia ndani kufungua maboksi, na Nesi akapita mlango wa mbele bila kualikwa, kwa kuwa alihisi kreti haimtoshi tena.

Profesa alipanga kadi zake kwa kazi za watu. Palikuwa na boksi la wauguzi, la mafundi seremala, la wauza mkaa, la makarani. Mwenyekiti alikwenda moja kwa moja kwenye boksi la wahadhiri. Alipekua mbele, akapekua nyuma. Walikuwemo wahadhiri kumi na wawili na kuku wao na magari yao mabovu. Profesa mwenyewe hakuwemo.

“Unyenyekevu,” Mwenyekiti alisema. “Hakujichora.”

“Kinyozi hajinyoi,” alisema Nesi.

Bi Fundi alikaa kwenye kiti chake cha cherehani. Alikuwa ameshinda, zege ilikuwa yake, na badala ya kufurahi akaanza kuhesabu. Viwanja mia sita. Uwanja wa muuza mkaa, ambao hauna kitu ila mkaa, umechorwa mara nne. Wake hata mara moja. Iliuma, na iliuma zaidi kwa kuwa jibu la swali lake lilionekana kuwa hilo.

“Samahani,” alisema mtunza nyaraka kwa sauti yake ya kutoamsha. “Kadi hazijapangwa kwa kazi za wenye hati za nyumba. Zimepangwa kwa kazi ya mwenye uwanja.”

“Na mwenye uwanja ni nani?”

Mtunza nyaraka alichomoa kadi ya kwanza kabisa katika boksi la kwanza, ile ya maelekezo, akaisoma. “Mwenye uwanja ni yule ambaye kazi yake ndiyo inayoonekana humo.”

Fundi wa zege peke yake ndiye aliyeendelea kupuliza chai. Kisha wote wakageuka kuitazama cherehani, na chini ya meza boksi namba thelathini na tatu, Mafundi Cherehani, ambalo Bi Fundi alikuwa akilifanya egemeo la miguu miezi minane yote.

Zilikuwemo kadi thelathini na moja, moja kwa kila mwaka, zimefungwa pamoja kwa lastiki ya sketi. Bi Fundi akaikumbuka lastiki hiyo, maana aliitafuta nyumba nzima na akamsingizia mteja.

Mtunza nyaraka akasoma.

“Mwaka wa kwanza. Njia ya bombani. Safari kumi na tisa kwa siku. Zake kumi na nane. Yangu moja, kunawa.”

Mwenyekiti akakitazama kijitabu chake, akakigeuza kifudifudi juu ya goti.

“Mwaka wa saba. Mtoto wa pili amezaliwa. Safari ishirini na sita. Njia imezama kidole kimoja. Zangu, hakuna.”

“Angalau hakudanganya,” alisema Bi Fundi.

“Mwaka wa kumi na mbili. Njia imehama kulia hatua moja karibu na ukuta. Sababu sijaigundua. Nimetazama miezi mitatu.”

“Nilikuwa namkwepa mbwa wa huyu,” Bi Fundi alisema, akimwonyesha Nesi kwa kidevu.

“Mbwa wangu hakuwa anauma.”

“Hakuuma, alikuwa anaramba nguo zilizofuliwa. Miezi mitatu! Si angeniuliza?”

Mtunza nyaraka aliandika neno mbwa kwa penseli pembeni mwa kadi, jambo ambalo watunza nyaraka hawafanyi, akaendelea. Aliposhika kadi ya mwaka wa kumi na sita aliisoma kwanza peke yake kimoyomoyo, halafu akamtazama Bi Fundi kama anayeomba ruhusa. Bi Fundi akaitikia kwa kichwa.

“Ameomba zege mara ya tisa. Nimemwambia mafundi ni matapeli. Si kweli.”

“Si kweli kabisa,” alisema fundi.

“Ninasafiri sana, na yeye si mtu wa kuandika barua. Kila nikirudi napitia mlango wa nyuma, naitazama njia kabla sijapiga hodi. Ikiwa nyeupe, yupo. Siku nitakayokuta jani limeota, nitajua amenichoka, amekwenda zake. Anayo sababu. Zege haioti majani. Nikiiweka, sitakuwa na pa kutazama.”

Bi Fundi alikuwa amegombana na mtu huyo miaka nenda miaka rudi kwa kuingia na matope mlango wa nyuma wakati mlango wa mbele upo. Alimwita mkaidi. Alimwita na mengine.

“Angeniuliza tu,” alisema tena, safari hii polepole.

“Na angekuuliza ungemwambia nini, Mama?” Lilikuwa swali la Mwenyekiti, na inawezekana lilikuwa la kwanza kumuuliza mtu yeyote tangu aingie chuo, maana uso ulimwiva.

Bi Fundi alifikiri. “Nilitaka kuondoka mara mbili. Mara ya pili nilifunga hata begi, yeye yuko safarini. Nikasema kwanza nimjazie mapipa, asije akafika na kiu akakosa maji. Nikaenda bombani safari nane. Nikachoka, nikalala. Kulipokucha nikaona aibu kufungua begi mbele ya watoto, likakaa limefungwa wiki mbili.” Alijicheka kidogo, macho yamemjaa. “Sijui ningemwambia nini. Lakini ningemjibu.”

Ilibaki kadi moja, ya mwaka wa mwisho. Mwandiko wake ulikuwa umeharibika na wino umetawanyika kwa mvua.

“Ameteleza hapa. Kisigino cha kushoto, sentimita sitini na mbili. Nimepima mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza miwani ilikuwa na maji, na si ya mvua. Kosa ni langu. Sijamwambia pole. Nadhani ameniona.”

“Sikukuona,” Bi Fundi alisema, akiiambia kadi. “Nilikuona unapima, bwana wewe. Nitajuaje?” Akalia, safari hii bila hasira ndani yake, kilio cha kawaida cha mtu aliyefiwa. Nesi alimshika bega. Mwenyekiti, mtu mwema yule, alitoa leso, akakuta ameshajifuta nayo mwenyewe.

Alipotulia, alifunga kadi zote kwa lastiki yake akampa mtunza nyaraka. “Chukua. Hizi ndizo mzihifadhi, na muandike vizuri safari ni za nani. Fundi, saa ngapi?”

“Saa sita kasoro.”

“Mama,” Mwenyekiti alianza, kisha akajizuia. “Ungependa iwe na upana gani?”

Aliambiwa. Jibu lilikuwa refu, maana lilikaa miaka thelathini na moja: upana wa mtu na ndoo mbili, isiwe laini juu, iinamie upande wa ukuta maji yasituame, na pale kwenye kamba ya nguo ipanuke ili mtu aweze kuweka beseni chini. Mwenyekiti aliandika yote. Kisha alivua tai, akang'oa vigingi kimoja kimoja, na alipoombwa kusogeza mchanga alisogeza, vibaya lakini kwa moyo. Fundi alimwambia mara tatu kwamba koleo hushikwa chini zaidi.

Walianza mlango wa jikoni, wakaenda kidogo kidogo kuelekea bombani. Bi Fundi alitolewa kiti, akakataa kukaa. Alisimama na goti lake akiongoza kazi, akamkaripia fundi penye mteremko, akamkaripia Mwenyekiti penye kona, Nesi naye akamkaripia yeyote aliyebaki. Ilikuwa kazi nzuri, imenyooka, imeshiba. Saa tisa walibakiza hatua mbili za udongo mbele ya bomba, na hapo Bi Fundi akaacha kukaripia.

Fundi alimimina toroli ya mwisho, akaisawazisha zege kwa ubao, ule weupe wa njia ukafunikwa. Uwanja mzima sasa ulikuwa na mstari mmoja wa kijivu, mbichi, usio na alama ya mguu wa mtu.

“Sasa atajuaje kama bado nipo?” Bi Fundi aliuliza.

Mwenyekiti alitazama chini. Fundi wa zege alikuwa anaosha koleo bombani, hakujua anaulizwa habari ya nani, akajibu kwamba wasubiri siku tatu, itakuwa imekauka na mtu ataweza kupita.